Tume ya uchaguzi, rungu la polisi na ile notisi ya siku tatu: kwa nini Kenya inazunguka palepale

Kila baada ya miaka michache Kenya inarudia mchezo uleule. Upinzani unasema tume ya uchaguzi haiaminiki, unaita watu barabarani, polisi wanasema hayo maandamano hayana ruhusa, tiagasi inalia, watu wanavunjwa mifupa, wengine wanapigwa risasi, alafu baada ya wiki kadhaa unasikia wakubwa wako pamoja kwenye meza moja wanakubaliana kwamba kweli tume ibadilishwe. 1997 ilikuwa hivo kwa kiasi kikubwa, 2016 ikawa hivo, 2023 tena. Mtu akiwa mbali anaona fujo tu, anasema hawa Wakenya wanapenda vurugu, lakini kuna mantiki ndani yake na ukiishika uzi wake unaona ni kwa nini polisi wanapiga, kwa nini watu wanatoka tu hata wakijua watapigwa, na kwa nini mabadiliko yakipatikana hayakai.

Tuanze na ile sentensi ya polisi, "hawana ruhusa", manake ndo inaanzisha kila kitu.

Katiba ya 2010, ibara ya 37, inasema kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Basi. Haisemi akiruhusiwa. Ila chini ya katiba kuna sheria ingine kongwe, ile ya utulivu wa umma, sura ya 56, iliyotungwa na mkoloni mwaka 1950, na hiyo ndo OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaishika mkononi. Kifungu chake cha tano kinasema anayepanga mkutano wa hadhara au maandamano ampe afisa wa polisi wa eneo notisi, isiwe chini ya siku tatu kabla na isizidi siku kumi na nne, aseme jina lake, njia watakayopita na saa, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sasa huyo afisa anaweza kusema hapana? Anaweza, lakini sababu aliyopewa na sheria ni moja, kwamba kuna mtu mwingine ashaleta notisi ya mahali palepale siku ileile, na hata hapo anatakiwa kupendekeza tarehe ingine. Siku yenyewe ikifika anaweza kuzuia kama hakukuwa na notisi kabisa au kama kuna hatari ya wazi na ya karibu ya amani kuvunjika. Hicho kipengele cha mwisho ndo mlango ambao lori zote za GSU, kikosi cha kuzuia ghasia, hupitia, manake "hatari" inaamuliwa na nani? Inaamuliwa na yeye mwenyewe.

Kwa hivo ukisikia msemaji wa polisi anasema waandamanaji "hawakupewa kibali", jua anazungumzia kitu ambacho hakiko kwenye sheria toka 1997. Unapeleka barua, unagongewa muhuri kwenye nakala yako, unaondoka. Hauombi. Lakini nusu karne ya kuomba haifutiki kwenye kichwa cha stesheni kwa sababu bunge limebadilisha maneno, na wananchi wengi pia bado wanaamini ni lazima serikali "ikubali", ndo maana mtu akipigwa utasikia jirani yake akisema sasa si aliambiwa asiende.

Na jinsi hiyo notisi ilivyoingia kwenye sheria ni hadithi tamu yenyewe. Kabla ya hapo ulihitaji leseni ya kufanya mkutano, na aliyekuwa anaitoa ni mkuu wa wilaya (DC), mtu wa rais Moi. Chama cha upinzani kinataka kuhutubia watu, DC anakaa na barua mpaka siku inapita, au leseni inatolewa alafu inafutwa asubuhi ya mkutano na watu washajaa uwanjani. Ikifika 1997, mwaka wa uchaguzi, mashirika ya kiraia na wanasiasa wa upinzani wakaungana chini ya NCEC wakasema bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, wakatoka Nairobi na miji mingine. Polisi wakaingia mpaka All Saints Cathedral, ndani ya kanisa, na tiagasi na marungu, mchungaji Timothy Njoya akapigwa vibaya siku hiyo, na watu kadhaa wakauawa nchini. Picha za damu kanisani zikazunguka dunia, wafadhili wakakunja uso, na Moi ambaye alikuwa amekataa mazungumzo akaona bora azungumze.

Ila angalia alizungumza na nani. Hakukaa na NCEC waliokuwa barabarani. Aliwaacha wabunge wa KANU, chama chake, na wa upinzani wakae wao kwa wao, ndo ikazaliwa IPPG, kundi la wabunge wa vyama vyote. Walibadilisha mambo ya maana, siwezi kuwapuuza: leseni ya mkutano ikawa notisi, sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ikaondolewa, na tume ya uchaguzi ikaongezewa makamishna kumi waliopendekezwa na upinzani. Alafu Desemba Moi akashinda na asilimia kama arobaini tu hivi, kwa sababu upinzani uligawanyika kama kawaida yake.

Na hapo kwenye tume ndo kulikuwa na ufa ambao watu wengi hawakuuona. Ule utaratibu wa vyama kupendekeza makamishna ulikuwa makubaliano ya kiungwana tu, haukuandikwa kwenye sheria ukafungwa kufuli. Uchaguzi wa 2002 ukaenda salama, kila mtu akasifu. Ilipokaribia 2007 rais Kibaki, ambaye mwenyewe alinufaika na IPPG akiwa upinzani, akateua watu aliowataka bila kushauriana na wenzake. Kilichofuata kila mtu anakijua, ghasia za baada ya uchaguzi, zaidi ya watu elfu moja na mia moja wakafa, na tume ya jaji Waki ilipohesabu ikakuta 405 kati yao walikufa kwa risasi. Raia wa kawaida Kenya hana bunduki nyumbani, kwa hivo hesabu hiyo unaweza kuimalizia mwenyewe. Mwafrika Kusini Kriegler naye akachunguza uchaguzi wenyewe akasema uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Sasa twende 2016, ambayo kwangu ndo inafundisha kuliko zote.

Watu husema upinzani wa wakati huo, CORD ya Raila Odinga, ulikimbilia barabarani kwa tamaa ya nusu mkate, yaani kugawana serikali. Labda tamaa ilikuwepo, mwanasiasa ni mwanasiasa. Lakini angalia milango iliyokuwepo. Mahakama ilijaribiwa 2013, mashine za kutambua wapiga kura zilikuwa zimekufa vituo vingi, mfumo wa kutuma matokeo ukakwama, Uhuru Kenyatta akapita ile nusu kwa uzi, 50.07, na Mahakama ya Juu chini ya Willy Mutunga ikasema matokeo yabaki. (Mutunga huyohuyo miaka ya tisini alikuwa ndani ya harakati za kudai katiba mpya, dunia ina mzaha wake.) Alafu kukaja kashfa ya kuku. Huko Uingereza kampuni ya kuchapisha karatasi, Smith and Ouzman, ikapatikana na hatia mwaka 2014 ya kuhonga maafisa wa uchaguzi wa Kenya ili ipewe kandarasi, na kwenye barua zao hongo ilikuwa inaitwa kuku. Waliotoa kuku walihukumiwa London, mmoja akafungwa miaka mitatu. Waliokula kuku Nairobi wakaendelea na maisha.

CORD wakajaribu mlango mwingine, kura ya maoni. Katiba inasema ukileta sahihi milioni moja za wapiga kura unaweza kuanzisha mabadiliko ya katiba, wakazunguka nchi na fomu za Okoa Kenya, wakazipeleka zaidi ya milioni na nusu. Nani anahakiki sahihi? Tume ileile wanayotaka iondoke. Machi 2016 tume ikatoa jibu kwamba sahihi halali ni 891,598, haijafika milioni, kwaheri. Inawezekana hesabu ilikuwa sawa kabisa, fomu za kubumba zilikuwepo. Lakini nani angeiamini?

Ulibaki mlango mmoja, ibara ya 251, unaoruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bunge la Taifa kamishna aondolewe, bunge likikubali linamtumia rais, rais anaunda jopo, jopo linachunguza. Jubilee, muungano wa Uhuru uliokuwa madarakani, walikuwa wanarudia hapo kila siku, fuateni sheria, nendeni 251. Jibu la CORD lilikuwa kwamba bunge ni lenu na rais ni wenu, ombi litafia mezani. Watu wengi waliona hicho ni kisingizio. Mi mwenyewe nilikuwa naona hoja yao ina uzito ila haijathibitika, mpaka miaka sita baadaye ikathibitika vizuri tu, nitarudi hapo.

Ndo zikaja Jumatatu za maandamano. Safari ilikuwa moja kila wiki, kuelekea Anniversary Towers, ofisi za IEBC, yaani tume yenyewe, katikati ya Nairobi, na kila wiki polisi wanaziba njia mapema, magari ya maji yanapangwa, na ikifika saa sita moshi uko juu ya University Way. Tarehe 16 Mei kamera zikanasa kitu ambacho polisi hawakuweza kukieleza. Mwanaume mmoja aliyevaa jaketi ya kijani anakimbia, anaanguka kwenye barabara, askari wa kuzuia ghasia wenye kofia ngumu na magwanda wanamzunguka, marungu yanashuka juu yake akiwa chini, mmoja anainua buti anamkanyaga, wanaondoka, mwingine anafika naye anaongeza lake. Jamaa analala kama maiti. Nchi nzima ililala ikiamini amekufa, kumbe aliamka, akapatikana hai. Mkuu wa polisi Joseph Boinnet akaamuru uchunguzi. Kuna kitu kwenye ile picha huhitaji shahada ya sheria kukiona: hakuwa na jiwe, hakuwa anapigana, hakuwa hata anaandamana wakati ule, alikuwa anakimbia. Sheria ya polisi ya 2011 ina jedwali zima la matumizi ya nguvu linalosema nguvu itumike njia za amani zikishindwa na iwe ya kadiri ya hali iliyopo. Mtu aliyelala chini hana hali yoyote ya kulinganishwa na rungu.

Na hiyo ni Nairobi mbele ya kamera za dunia. Kisumu, Siaya na sehemu zingine za magharibi hakukuwa na marungu peke yake, kulikuwa na risasi za moto. Human Rights Watch walipozunguka kule walisema wasiopungua watano waliuawa na kama sitini wakajeruhiwa kwa risasi kati ya Mei na Juni. Hii tofauti iko kila mara. Maandamano yaleyale, sheria ileile, lakini mtu wa Kondele, Kisumu, anakutana na polisi tofauti kabisa na yule wa katikati ya jiji. 2017 ikawa vilevile, hadi mtoto mchanga wa miezi sita akapigwa ndani ya nyumba yao Nyalenda wakati wa msako wa usiku akafa, na mahakama ikaja kusema 2019 kwamba polisi wanahusika.

Sasa kwa nini wanapiga hivo? Wengine wanasema ni ukatili tu, mi naona hiyo inawaacha wakubwa watoke bure. Askari wa doria hajui kifungu cha tano kinasema nini, anajua briefu ya asubuhi, na briefu ikisema mji usiingiwe basi kila anayeingia mjini ni adui, awe mwandamanaji au muuza mayai. Lengo linakuwa eneo, mtaa fulani ubaki mtupu, si tena kumshika aliyerusha jiwe. Ndo maana pia tiagasi inarushwa mpaka kwenye mabasi na hospitali. Ongeza kwamba askari wenyewe wamesimama toka alfajiri bila kula, wanarushiwa mawe kweli, kuna maduka yanavunjwa kweli na wahuni ambao hata hawajui tume ni nini, na wafanyabiashara wa mjini wanapiga simu wakilia. Hayo yote ni ya kweli na mwenye duka aliyevunjiwa ana haki ya kukasirika. Ila hayaelezi kwa nini siku ambazo serikali imeamua kuwaacha watu waandamane, mji hauungui. Juni mosi 2016 CORD walijaza Uhuru Park baada ya mahakama kusema wasizuiwe, polisi wakakaa kando, watu wakahutubiwa wakarudi nyumbani. Na siku moja tu kabla ya hapo, viongozi haohao wa CORD walikuwa State House kwenye chakula cha mchana na Uhuru alipomkaribisha rais wa Korea Kusini. Walioshindwa kukaa na Raila Jumatatu wakiwa na marungu walikaa naye Jumanne wakiwa na uma na kisu.

Baada ya hapo haikuchukua muda. Kamati ya pamoja ikaundwa, Kiraitu Murungi upande wa Jubilee na James Orengo upande wa CORD, ikatoa ripoti Agosti, sheria zikabadilishwa, na mwenyekiti Issack Hassan na makamishna wake wakaondoka kwa makubaliano, wamelipwa chao, bila kupatikana na kosa lolote mbele ya jopo lolote. Tume mpya ya Wafula Chebukati ikaapishwa Januari 2017, uchaguzi ni Agosti. Miezi saba. Katikati hapo, Desemba, wabunge wa Jubilee wakaitisha kikao maalum cha bunge wakati wa likizo wakarudisha kwenye sheria njia mbadala ya mkono pale mashine ikigoma, jambo lililokuwa kiini cha ugomvi wenyewe, upinzani wakatoka nje. Tume ngeni, muda mfupi, sheria inayobadilika bado wino haujakauka. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Sishangai hata.

Turudi kwenye 251 sasa. Baada ya uchaguzi wa 2022 makamishna wanne wakamkana Chebukati hadharani, wakasema hawakubali matokeo. Upande ulioshinda ukakasirika. Maombi yakapelekwa bungeni, Desemba rais Ruto akawasimamisha kazi na kuunda jopo, watatu wakajiuzulu, aliyebaki, Irene Masit, jopo likapendekeza aondolewe kabla ya Februari kwisha. Miezi mitatu hivi! Ule mlango ambao 2016 tuliambiwa ni mrefu na wa taratibu ulifunguka chap chap, kwa sababu safari hii wenye ufunguo ndo waliotaka kuingia. Hapo ndo niliacha kubishana na watu kuhusu kwa nini CORD hawakwenda bungeni.

Januari 2023 muda wa Chebukati na wenzake wawili ukaisha, tume ikabaki tupu. Machi Azimio, muungano mpya wa Raila, wakaanza maandamano yao ya Jumatatu na Alhamisi, wanadai seva zifunguliwe, unga ushuke bei, tume isiundwe na upande mmoja. Watu wakauawa tena. Mazungumzo yakahamia ukumbi wa Bomas, Kalonzo Musyoka wa upinzani na Kimani Ichung'wah wa serikali wakiongoza, sheria ikabadilishwa, Ruto akaisaini Julai 2024, na makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon wakaapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu nchi ilikaa bila makamishna, kuna maeneo yalikosa mbunge au MCA (mwakilishi wa wadi) muda wote huo kwa sababu hakuna wa kuitisha uchaguzi mdogo.

Hapa wasomaji wa Tanzania mtakuwa mnatabasamu kwa uchungu, manake wito wa Chadema wa 2025 ni uleule wa NCEC wa 1997 karibu neno kwa neno. Huko pia sheria inazungumzia taarifa kwa polisi, saa 48 kabla, na huko pia taarifa iligeuka kuwa ombi, mpaka mikutano ya hadhara ikazuiwa toka 2016 hadi Januari 2023 kwa tamko tu. Tofauti ni kwamba safari hii hakukuwa na meza. Tundu Lissu alikamatwa Aprili akashtakiwa kwa uhaini, chama chake kikazuiwa kwenye uchaguzi, na Oktoba 29 watu walipotoka intaneti ikazimwa na risasi zikatumika. Ukiondoa meza, kinachobaki ni barabara peke yake, na hatujaona bado inaishia wapi.

Kwa Kenya meza ipo, shida ni nani anakaa na anaondoka na nini. Kila mara kinachopatikana kwa haraka ni sura mpya kwenye tume na nafasi ya vyama kuchagua sura hizo. Kisichoguswa ni vitu viwili: nani anaweza kumwondoa kamishna bila kupitia bunge la walioko madarakani, na ile nguvu ya OCS kuamua peke yake kwamba kuna hatari. Familia za Kisumu hazijawahi kuwa na kiti Bomas, na fidia imekuwa wimbo wa kila ripoti.

Na sheria ileile ya 1950 ilirudishwa tena bungeni. Mwaka 2025 mwakilishi wa wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, aliwasilisha mswada wa kuzuia maandamano ndani ya mita mia moja kutoka bunge, Ikulu, mahakama na majengo mengine yanayolindwa. Chukua ramani ya katikati ya Nairobi uchore hizo duara, alafu tafuta mwenyewe mtaa uliobaki wa kupitia ukiwa na malalamiko ya kumpelekea mtu yeyote mwenye mamlaka. Uchaguzi ni Agosti 2027.